Kidole cha Mdhamini

Fomu ilikuwa na kurasa tisa.
Nilizijaza kwa kalamu ya bluu, ofisi ya kata, Kitangari,
siku ambayo bomba lilitoa maji
na nusu ya foleni ikatimua mbio kufuata ndoo.
Mama hakuondoka.
Alikaa kwenye benchi akisubiri kuitwa jina lake lote:
Somoe Hamisi Chitanda, mdhamini.

Mtendaji akalishika gumba lake,
akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi.
Doa. Doa tupu, halina mistari.
Akarudia. Doa.
Mara ya tatu akamtazama usoni:
"Mama, alama zako ziko wapi?"
"Zimeliwa na korosho,"
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Miaka kumi na minane ya kubangua,
mafuta ya ganda yakiibabua ngozi, ikichunika, ikiota, ikibabuka tena,
mpaka mwili ukachoka kuandika.
Mtendaji akalipokea doa.
Serikali ikalipokea doa.
Nikapata mkopo.

Sasa niseme kweli, maana hapa hakuna anayenihoji.
Bumu la kwanza nilinunua vitabu viwili na viatu.
La pili, viatu.
La tatu, spika kubwa kuliko mto niliolalia,
na bweni zima likaniita Mkurugenzi.
Niliwanunulia chipsi kuku watu ambao leo siwakumbuki majina.

Nikahitimu. Nikarudi na cheti ndani ya nailoni.
Barua kumi na moja za kuomba kazi;
jibu moja, lenye jina la mtu mwingine.
Nikabeba bomba la kupulizia salfa,
nikawa wa njano kuanzia kope mpaka kandambili.

Wenzangu wakanifunda:
"Bodi haina macho ya kufika huku. Badili laini.
Mshahara huna, watakukata nini, kucha?"
Nami nikaitikia. Walioniahidi ajira wako wapi?
Nao si wadaiwa?
Bado nasema hivyo. Nao ni wadaiwa.
Ila deni lao halina gumba la mama.

Novemba, baada ya mnada,
mama akaja na karatasi ya chama nimsomee.
Kilo mia tatu na kumi na mbili.
Toa ushuru. Toa magunia. Toa mkopo wa salfa.
Nikapandisha sauti: "Mama, wamekukata!"
Akaniangalia kama mgeni aliyekosea mlango.
"Salfa si tulipuliza? Miti si ilizaa?
Ulitaka alipe nani, popo?"

Usiku nikawasikia, popo,
wakigombea mabibo nyuma ya nyumba,
wanakula, wanadondosha, wanaruka zao.
Sikulala vizuri.

Asubuhi nikaenda kwa Twalibu, wakala, karibu na stendi.
Deni lilikuwa limenenepa bila kula:
faini imekalia faini.
Nikatoa elfu thelathini.
Twalibu akapiga hesabu kwenye kikokotoo, akacheka mpaka akakohoa:
"Ukilipa hivi kila mwezi
utamaliza una miaka sitini na nane!"
"Ndiyo umri wa mama," nikasema. "Na bado anabangua. Tuma."

Sikurudi shujaa. Nilirudi sina hela ya kiberiti.
Nikakaa mbele yake, nikachukua jiwe,
nikabangua mpaka kivuli cha jiko kikahama.
Kisha nikafuta mikono, nikatoa simu
nimwoneshe ule ujumbe wa malipo.
Nikaweka gumba. Simu ikakataa.
Nikaweka tena.
Ikakataa.

Mama hakuuliza kuna nini.
Alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga,
akauangalia kwa muda,
akanisogezea kopo la majivu.